UZI: Darasa la kampuni na deni la serikali ni vitu viwili

1/ Kila msimu wa kampeni hoja hii lazima iskike: "Kampuni imejenga darasa, imetoa basari, mnataka nini tena?" Upande wa pili unajibu, "Hao ni wezi tu." Wote wanaruka historia. Hebu tuiangalie.

2/ Kwa zaidi ya miaka 70, uchimbaji madini Kenya uliongozwa na sheria ya 1940, ya wakati wa mkoloni. Mrabaha ulienda serikali kuu. Kijiji kilichokaa juu ya madini hakikuwa na fungu lake. Ukiondoa fidia ya shamba, chochote kingine kutoka kwa kampuni kilikuwa hisani. Na hisani huwezi kuidai kortini.

3/ Katiba ya 2010 ikabadilisha lugha. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihakikishe faida ya maliasili inagawanywa kwa haki. Sheria ya Madini ya 2016 ikaweka hesabu ya mrabaha: 70% serikali kuu, 20% kaunti, 10% jamii ya pale mgodini. Kampuni kubwa pia ikatakiwa kuandikiana mkataba wa maendeleo na jamii. Yaani kile kilichokuwa zawadi kikaanza kuwa wajibu.

4/ Sasa twende Kwale. Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza 2014 na kumaliza kuchimba Desemba 2024. Katikati hapo ilijenga shule na zahanati, ikalipa basari, ikaripoti yote hayo. Ni kweli, yapo. Lakini ile 10% ya jamii ilikwama miaka mingi baada ya sheria kupita, na aliyeishika si kampuni. Mrabaha ulilipwa serikalini, mgao ndio haukushuka.

5/ Hapo ndipo mjadala wetu hupotea. Darasa linaonekana, lina rangi na kibao. Deni halina kibao. Kiongozi akikata utepe wa darasa la kampuni, hakuna anayemuuliza kuhusu pesa ambazo sheria tayari imeshawapa wananchi.

6/ Na hizi ripoti za uendelevu? Novemba 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa jinsi kampuni zilizosajiliwa pale ziripoti mambo ya mazingira, jamii na uongozi. Ni hatua nzuri. Ila ripoti huandikwa na kampuni yenyewe. Itakuambia imetoa nini, haitakuambia kaunti au Hazina imekalia nini.

7/ Kwa hivyo ukiskia "wametusaidia", uliza maswali matatu. Hiyo ni hisani au ni mkataba? Mrabaha wa mwaka huo ulikuwa ngapi? Na 10% yetu iko wapi? Mchanga wa Kwale ushaenda na meli, haurudi. Wanaokaa karibu na mgodi unaofuata wasingoje ufungwe ndio waulize.