Bidoni ya njano inatoka wapi? Kazi ya aluminiamu na silika

Huku Salamabila bidoni iko kila pahali: kwa kisima, kwa machimbo, kwa nyumba. Tunasema tu «ni plastiki». Lakini plastiki hiyo kwanza ilikuwa gazi.

Gazi inakuwa namna gani kitu kigumu?
Gazi yenyewe inaitwa etileni, inatolewa kwa petroli na gazi ya ardhini. Kila molekuli ina kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo viwili. Kifungo kimoja kikifunguka, molekuli inashika jirani yake, naye anashika mwingine, mpaka unapatikana mnyororo mrefu: polietileni.

Waingereza waliipata mwaka 1933, lakini kwa mgandamizo mkubwa sana. Mwaka 1953, Karl Ziegler wa Ujerumani aliunganisha chumvi ya titani na mchanganyiko wa aluminiamu, mgandamizo mdogo ukatosha. Giulio Natta wa Italia alitumia njia hiyo kwa propileni, ambayo leo inafumwa magunia. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Aluminiamu inafanya nini?
Titani ni kichocheo, ndiyo inaunga mnyororo. Aluminiamu ni msaidizi: inaondoa klorini kwa titani na kuiachia pahali pa kuanzia kazi. Bila msaidizi huyo, titani inalala.

Baadaye, kule Hamburg, Walter Kaminsky na Hansjörg Sinn walipata msaidizi mwenye nguvu zaidi, metilialuminoksani. Shida ni kwamba akiwa majimaji, plastiki inatoka kama vumbi na kuganda kwa kuta za mtambo. Kwa hiyo viwanda vinamubandika juu ya punje za silika. Silika ni kitu kimoja na kwatzi, jiwe jeupe ambamo wachimbaji wa Namoya wanatafuta dhahabu. Ila ya kiwandani ina vitundu vingi: gramu moja ina eneo la mamia ya mita za mraba. Plastiki inakua kwa kufuata umbo la punje, haigandi.

Si kila bidoni inapita njia hiyo. Viwanda vingine vinaweka kromi juu ya silika.

Inatuhusu nini?
Mnyororo huo ni mgumu, vidudu vya udongo haviuwezi. Ndiyo maana sashe iliyotupwa leo, watoto wetu wataikuta. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko na sashe za plastiki katika Kongo.

Angalia chini ya bidoni: namba 2 ndani ya pembetatu maana yake ni polietileni ngumu, ambayo inafaa kwa chakula. Lakini namba haisemi bidoni ilibeba nini. Plastiki hiyo inanyonya mafuta, na sabuni haitoi yote. Bidoni iliyobeba petroli, zebaki, sianidi ao dawa ya shamba isirudi tena kuchota maji ya kunywa, hata ikioshwa mara kumi.