Maporomoko Kwenye Skrini

Kabla ya kompyuta kufika mezani, mpenzi wa redio ya ridhaa aliyetaka kuandikiana na mwenzake hewani alihitaji teleprinta, mashine nzito yenye makelele, na mara nyingi osiloskopu ya kumwonyesha kama amelenga masafa sawasawa. Milio miwili ya ishara ilichora duara mbili nyembamba zilizokatana kama msalaba. Msalaba ukipinda, umekosa. Mzigo wote wa kuisoma ishara ulikuwa juu ya mtu.

Hesabu ya kumpunguzia mzigo huo ilikuwepo. Mwaka 1965, James Cooley na John Tukey wa Marekani walichapisha njia ya haraka ya kulivunja wimbi katika masafa yanayoliunda. Lakini hesabu bila mashine ya bei nafuu haimfikii mtu wa kawaida. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1990, kompyuta za nyumbani zilipoanza kuja na kadi ya sauti.

Desemba 1998, Peter Martinez wa Uingereza akatoa PSK31. Ishara yake huchukua hertz 31 hivi tu, kwa hiyo mazungumzo mengi hutoshea pale ambapo sauti ya mtu mmoja ingejaza. Herufi zinazotumika sana alizipa alama fupi, kama Morse. Sasa utaipataje ishara nyembamba hivyo kwa kuzungusha kitufe? Jibu lilikuja na programu kama DigiPan, zilizotandaza masafa kwenye skrini kama maporomoko ya maji. Kila ishara ni mstari unaoshuka. Ubofye, na maandishi yanatokea. Ile hesabu ya 1965 iko chini inachapa kazi, na haikuulizi chochote.

Halafu akaja Joe Taylor. Huyu sio mtu wa mchezo: yeye na Russell Hulse walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 kwa pulsa waliyoigundua mwaka 1974. Mtu aliyezoea kuchomoa ishara hafifu za nyota kutoka kwenye kelele aliamua kuwafanyia watu wa redio kazi hiyo hiyo. Mwaka 2001 alitoa WSJT. Mwaka 2003 akaongeza JT65, na watu wenye antena za kadiri nyuma ya nyumba wakaanza kuwasiliana kwa kudundisha ishara kwenye mwezi, ulio umbali wa kilomita 384,000 hivi.

Mwaka 2017, yeye na Steve Franke wakaleta FT8. Zamu ni za sekunde 15, milio ni 8, upana hertz 50. Mtu wa Nairobi akiita, ujumbe wake hubeba jina lake la hewani, kwa kawaida likianza na 5Z4, pamoja na KI88, mraba wa ramani ambamo jiji lipo. Basi, imetosha. Programu huweza kuusoma hata kelele zikiizidi ishara nguvu mara 100.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wakongwe wengine walisema haya sio mazungumzo, ni kompyuta zinasalimiana. Wana hoja. Ujumbe huru wa FT8 una herufi 13 tu. Huwezi kumuuliza mtu kama mvua imenyesha kwao. Tena urahisi huo una mtego. Saa ya kompyuta yako ikichelewa sekunde nne, skrini itajaa ishara na hakuna hata neno moja litakalosomeka. Mgeni atalaumu antena, kisha aache.

Kwa hivyo ugumu hauishi, unahamishwa tu. Swali ni nani anaubeba, na kama anajua ameubeba. Maporomoko yalifaulu kwa sababu yalificha hesabu lakini yakaionyesha ishara yenyewe: ukikosea, unaona umekosea wapi. Saa iliyochelewa haionekani hivyo, labda programu ikuambie.

Taylor aliufungua msimbo wa WSJT mwaka 2005, yeyote ausome na kuurekebisha. Huo nao ni urahisi, wa aina nyingine. Mgeni anaingia kwa kubofya, na siku akitaka kujua kwa nini imefanya kazi, mlango wa ndani haujafungwa.