Nembo Kidevuni

Mwaka 1878 Gottfried Lindauer, mzaliwa wa Plzeň aliyehamia Nyuzilandi mwaka 1874, alichora kwa rangi za mafuta mwanamke wa Kimaori aliyebeba mtoto mgongoni. Mwanamke huyo ana michoro mdomoni na kidevuni. Wamaori huiita moko kauae. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuieleza picha hii ataiitaje?

Neno lililo karibu ni tatuu. Limetoka mbali: mabaharia wa nahodha Cook walilisikia Tahiti mwaka 1769, likiwa tatau, Waingereza wakalibeba, nasi tukalipokea kwao. Kwa ukoo, basi, halina ugeni na Wamaori, ambao husema tā moko, na tā hiyo ni kugonga. Shida iko kwenye kazi. Tatuu ya saluni za leo ni wino uliopenyezwa kwa sindano, ngozi ikabaki laini. Moko ya kale ilichongwa kwa uhi, patasi ndogo iliyogongwa kwa kijiti, ikaacha mifereji ya weusi wa kibuluu usoni. Baadaye, katika karne ya 19, sindano ziliingia huko pia, hasa kwa wanawake. Kwa mchoraji tofauti hiyo si ndogo: mfereji una kivuli, wino una rangi tu. Na Lindauer mara nyingi alitegemea picha za kamera, ilhali kamera za enzi hizo zilififisha buluu, hata moko ikakaribia kupotea.

Chale ina kisu ndani yake, na hilo ni jema, lakini msomaji akiisikia atawaza mganga na dawa ya kupaka kwenye jeraha. Tojo ingefaa, ila wengi wataitafuta kwenye kamusi.

Mimi nashika nembo. Najua leo nembo ni ya taifa, ya benki, ya timu ya mpira, lakini kabla ya kupandishwa kwenye barua za ofisi ilikuwa alama ya mwilini. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma wamelihifadhi neno hilo kwa maana yake ya ngozi: nembo zao zilichanjwa kwa kisu, kisha zikasuguliwa masizi. Hapo ndipo zinapokutana na moko, chanjo na rangi kwa pamoja. Wachongaji wao wa vinyago vya mapiko waliona vizuri kuliko wachoraji wengi kwamba alama kama hiyo si rangi tu: nembo za usoni waliziweka kwa nta ya nyuki, zikainuka juu ya mti. Lindauer hakuwa na nta, alikuwa na brashi na kitambaa bapa.

Kitenzi hakitupi taabu. Kuchora ni kwa penseli, kwa brashi, kwa patasi na kwa sindano, hivyo aliyemchora mama yule kidevuni na aliyemchora kwenye kitambaa wote ni wachoraji.

Jina la mama huyo ndilo lililokosewa. Picha hii, iliyoko katika jumba la sanaa la Auckland, kwa muda mrefu iliitwa Ana Rupene na mtoto. Sasa inajulikana kuwa ni Heeni Hirini. Kwenye maelezo ya Kiswahili ningeandika hivi: Heeni Hirini na mtoto, mama ana nembo ya moko kauae. Tatuu ningeiacha.