Tembe la Kwihara: ukipanda paani unaona nini?

Ukisikia "jengo la kihistoria lenye makumbusho na sehemu ya kupanda juu kuuangalia mji", pengine akili inakimbilia Paris. Mnara wa Eiffel, foleni ya tiketi, lifti, kisha unatokea mita 276 juu ya ardhi na jiji lote liko chini yako. Sasa hebu turudi nyumbani. Tabora nako kuna jengo la aina hiyo, ila lenyewe halina lifti wala ghorofa. Ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, iko Kwihara, kama kilomita 8 kusini-magharibi mwa mji. Ukitokea Chemchem kwa bodaboda, hata jasho halijakauka umeshafika.

Kibao kinasema ni Tembe la Livingstone. Ndani kuna picha, ramani na maandishi yanayomhusu Dk. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti aliyeishi hapo mwaka 1872. Watalii hupita, wanafunzi huletwa na walimu wao, wanasoma maelezo ukutani, wanapiga picha mlangoni, wanaondoka. Hakuna ubaya. Lakini ukiondoka na jina la Livingstone peke yake, umeondoka na kipande kidogo sana cha hadithi. Livingstone alikuwa mpangaji, tena wa miezi michache tu. Nyumba ilikuwa ya watu wengine, ikasimama katikati ya vita vya watu wengine, kwenye njia iliyotembewa na miguu ya watu wengine.

Kwa hiyo leo nakuomba tufanye kitu kimoja: tupande juu ya paa, kwa mawazo tu, tuangalie kila upande.

Kwanza, paa lenyewe

Tembe ni nyumba inayozunguka ua. Kuta zake ni nene, za udongo. Juu hupangwa magogo na fito kwa ukaribu, kisha hulazwa tabaka nene la udongo ulioshindiliwa. Matokeo yake ni paa bapa unaloweza kusimama juu yake, kuanika nafaka au kulinda zamu.

Udongo mnene una faida mbili. Ya kwanza ni ubaridi: joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya ukuta mnene, kwa hiyo jua linapowaka saa saba mchana ndani bado kuna ubaridi wa asubuhi, na joto linapofika ndani, nje kumeshapoa. Ya pili ni usalama, kwa sababu paa la udongo halishiki moto kirahisi kama paa la nyasi. Unyamwezi wa karne ya 19, ambako kuchoma kijiji ilikuwa mbinu ya kawaida ya vita, hilo halikuwa jambo dogo. Gharama yake ni mvua. Kila masika paa hulika, na lisipokarabatiwa nyumba inaanguka. Ndiyo maana jengo unaloliona leo si lile lile la 1872 tofali kwa tofali, limejengwa upya baadaye.

Je, kutoka paani unaona umbali gani? Hapa hesabu ni rahisi. Chukua urefu wa jicho lako kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.6. Jibu ni umbali wa upeo wa macho kwa kilomita, kama ardhi ni tambarare. Kule juu ya Eiffel unapata karibu kilomita 60. Paani Kwihara, tukichukulia jicho liko mita 5 juu ya ardhi, unapata kilomita 8. Yaani ni kama umepimiwa, upeo wako unaishia Tabora. Vilima na miti vitakuzuia hapa na pale, lakini moshi hupanda juu na huonekana kutoka mbali zaidi.

Na moshi ulionekana kweli.

Kaskazini-mashariki: Tabora inaungua

Juni 1871 alifika hapa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe wakampa tembe la kukaa Kwihara. Mpango wake ulikuwa apumzike, apate wapagazi wapya, aendelee mpaka Ujiji. Kumbe njia ya Ujiji imefungwa. Aliyeifunga ni Mirambo.

Stanley akajiunga na Waarabu na washirika wao kwenda kumpiga Mirambo. Mwanzoni mambo yalienda vizuri. Baadaye kikosi kimoja kilichokuwa kinarudi kimejitwisha pembe za ndovu kikaviziwa msituni, na kiongozi wake, Soud bin Said, akauawa. Waliobaki wakatimua mbio kurudi Unyanyembe, Stanley akiwemo.

Mirambo hakukaa kusubiri wapange upya. Tarehe 22 Agosti 1871 aliingia Tabora. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji, alitoka na wafuasi wachache kumkabili, akauawa. Karibu robo ya mji ikateketea. Kwihara watu waliona moshi na kupokea wakimbizi. Stanley akaamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki, akangoja zamu yake. Haikufika. Mirambo alirudi nyuma.

Fikiria tena ile nyumba tulivu yenye picha ukutani. Ilipita siku ikawa ngome, na watu waliokuwa ndani hawakuwa na uhakika wa kuiona kesho yake.

Magharibi: Urambo

Sasa geuka, jua linapozama. Kule ndiko Urambo, himaya ya Mirambo. Katika maandishi ya wasafiri wa Ulaya wa wakati ule, mara nyingi yeye ni jambazi anayesumbua misafara. Lakini jiulize, misafara ilipita nchi ya nani?

Tangu Waarabu na Waswahili wa pwani walipoweka makao Unyanyembe, walikuwa wakiingia zaidi na zaidi katika siasa za watemi. Mtemi Mnywa Sere alipotaka wafanyabiashara walipe ushuru, walimwondoa madarakani karibu na mwaka 1860 na kumkalisha Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana vita vya msituni kwa miaka kadhaa mpaka akauawa mwaka 1865. Mirambo alikulia katika mazingira hayo. Alichojifunza ni kwamba anayeshika njia ndiye anayeshika pembe, bunduki na baruti, na anayeshika hivyo ndiye anayeamua nani awe mtemi. Akaungana na ruga-ruga, askari vijana wasio na makazi, akajenga dola ambayo haikuwepo. Alipofunga njia ya Ujiji alikuwa anadai kitu ambacho nchi yoyote leo inadai mpakani, yaani haki ya kutoza na kuamua nani apite.

Simpambi Mirambo. Vita vyake vilichoma vijiji na kuteka watu, na waliolipa gharama walikuwa wakulima. Ila kumweka pembeni kama "kikwazo cha Stanley" ni kuisoma historia ya Unyamwezi kwa kutazama saa ya mgeni aliyechelewa safari. Mirambo alifariki Desemba 1884 akiwa bado mtawala, na baada yake dola ile haikudumu. Upande wa Unyanyembe, mtemi Isike naye aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, walipoivamia ngome yake karibu na Tabora. Aliwasha ghala la baruti akiwa ndani, kuliko kukamatwa.

Ndani ya ua: mpangaji anasubiri

Tushuke kidogo. Stanley alizunguka kwa njia ya kusini, akamkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa 1871. Alimpelekea pia mfuko wa barua. Ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870 kule Zanzibar, na ulikuwa umelala Bagamoyo kwa siku 100. Barua ya Zanzibar kuchukua mwaka mzima! Sisi leo tiki mbili zikichelewa kugeuka bluu tunanuna.

Februari 1872 wote wawili walifika Kwihara. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, Livingstone akabaki kusubiri wapagazi atakaotumiwa. Alisubiri miezi 5. Watu 57 walifika Agosti, na tarehe 25 ya mwezi huo akaondoka nao kuelekea kusini. Hakurudi akiwa hai.

Kilichotoka katika nyumba hii mwezi Machi ni muhimu kuliko siku alizolala humo. Livingstone alimkabidhi Stanley shajara yake iliyofungwa kwa lakiri. Ndani yake na katika barua zake kulikuwa na habari za mauaji ya Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ambako Julai 1871 aliwaona watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Habari hizo ziliongeza shinikizo Uingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Lakini hapo hapo kuna jambo linalokera. Nyumba alimokaa, chakula alichokula na ulinzi aliopata vilitoka kwa wafanyabiashara wa njia ile ile. Biashara ya pembe na biashara ya watumwa hazikuwa na barabara mbili. Alijua hivyo, na hakuwa na nyumba nyingine ya kukaa. Tembe la Kwihara linabeba yote mawili, ushahidi dhidi ya biashara ile na fedha zilizotokana nayo.

Mashariki: mzigo uliofungwa upya

Upande wa mashariki ndiko pwani, safari ya miezi mitatu hivi kwa miguu. Ukiangalia huko unaona wale ambao hawakupewa kibao.

Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliolipwa ujira wa nguo, wenye taratibu zao za kazi. Mzigo ulikuwa kama kilo 30, begani au kichwani, msimu baada ya msimu. Pamoja nao walipita pia mateka waliofungwa. Njia ilikuwa moja, ila mmoja aliitembea kwa mkataba na mwingine kwa mnyororo. Bila wao hakuna Stanley, hakuna shajara, hakuna Nyangwe kujulikana.

Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakaubeba. Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo wakamkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa.

Mbele kidogo, Kasekera, tatizo likawa kubwa zaidi, maana wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Basi wakafunga mabua kwa nguo yakafanana na maiti, watu 6 wakayabeba kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Wakafika porini wakayatupa, bua moja moja, wakarudi kimya kimya usiku. Mwili wenyewe ulikuwa umeshafungwa upya kama robota la kawaida la biashara. Ukapita. Februari 1874 ukafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Kati ya waliombeba, aliyekuwepo mazishini ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi limeshafungwa.

Kwa nini haya yana uzito leo

Tangu 2006, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kuanzia Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kwihara mpaka Ujiji, iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Angalia jina hilo: linataja biashara, halimtaji mgeni yeyote. Pale mlangoni bado tunasoma jina la mpangaji. Sisemi king'olewe. Livingstone alikaa pale kweli na aliyoyaandika yana thamani. Ninachosema ni kwamba mtoto wa shule wa Tabora aliyefika pale anastahili kutoka akijua kwamba babu zake hawakuwa mandhari ya nyuma kwenye picha ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ukienda, usiishie kusoma ukutani. Shika mlango, pima unene wa ukuta kwa mkono wako, simama uani utazame paa. Kisha muulize anayekutembeza maswali matatu: Urambo iko upande gani? Nyumba hii ilikuwa ya nani? Na wale waliobeba mizigo, walilala wapi?