Ushahidi wa Kinyesi: Kesi ya Shetani wa Tasmania

SOMO LA HISTORIA KWA WATU WAZIMA

Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya dunia. Tazameni kusini ya Australia. Hapo pana kisiwa kiitwacho Tasmania. Somo la leo latoka huko.

Wazee husema, "Mavi ya kale hayanuki." Maana yake, makosa ya zamani husahauliwa. Lakini leo tutasikia habari za watu waliookota mavi makavu porini, wapate kujua kama mnyama mmoja alikosa kweli au alisingiziwa.

Mnyama huyo ni mweusi, ana alama nyeupe kifuani, na ukubwa wake ni kama mbwa mdogo. Jike ana mfuko tumboni wa kulelea watoto, kama kangaruu. Lakini kangaruu hula majani. Huyu hula nyama. Usiku hupiga makelele ya kutisha, na Waingereza waliohamia kisiwani walimwita Shetani. Taya zake zina nguvu kama za fisi: hula nyama, ngozi, nywele na mifupa. Tena, kama fisi, hula mizoga.

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Waingereza walianza kukaa Tasmania mwaka 1803, wakaleta kondoo. Mchungaji akikuta kondoo amekufa, na shetani yuko juu yake anakula, husema, "Mwuaji ndiye huyu." Mwaka 1830 Kampuni ya Van Diemen's Land, iliyokuwa ikifuga kondoo, iliweka zawadi kwa kila shetani aliyeuawa: shilingi 2 na nusu kwa dume, shilingi 3 na nusu kwa jike. Hukumu ilikatwa, na shahidi hakuitwa.

Jirani yake alipata taabu kubwa zaidi. Huyo ni thailasini, mnyama mwingine mwenye mfuko, umbo lake kama mbwa, na milia mgongoni. Tangu mwaka 1888 hata 1909, Serikali ya Tasmania ililipa pauni 1 kwa kila thailasini mkubwa. Zawadi 2,184 zililipwa. Thailasini wa mwisho ajulikanaye alikufa katika bustani ya wanyama mjini Hobart, tarehe 7 Septemba 1936. Sheria ya kumlinda ilikuwa na siku 59 tu. Porini alikula nini hasa? Hakuna aliyelichunguza vema jambo hilo alipokuwa hai, wala leo hatuwezi kwenda kuokota kinyesi chake.

Shetani alisalia, na mwaka 1941 sheria ilimlinda. Ndipo wataalamu wakapata nafasi ya kumchunguza. Mmoja wao alikuwa Eric Guiler wa Chuo Kikuu cha Tasmania. Mwaka 1970 alichapisha habari za mashetani wa sehemu mbili za kisiwa, pamoja na chakula chao.

Kumwona shetani akila ni vigumu, kwa maana hutembea usiku. Lakini mashetani wana desturi ya kwenda haja mahali pamoja. Basi mchunguzi huenda mchana, huokota kinyesi, na huandika mahali na tarehe. Hukikausha kwa moto wa jiko, hukilowesha, kisha hukiosha juu ya chekecheo. Uchafu huenda na maji. Hubaki nywele, vipande vya mifupa, meno, kucha na manyoya ya ndege.

Nywele ndizo zenye maneno mengi. Ukiutazama unywele kwa hadubini utaona magamba madogo, na kila aina ya mnyama ina mpango wake wa magamba. Mchunguzi huulinganisha na nywele za wanyama anaowajua. Nywele nyingine ni za shetani mwenyewe, kwa sababu hujilamba!

Kinyesi kilisema nini? Kilisema kwamba shetani hula sana wanyama wa porini: wallabi, ambaye ni kangaruu mdogo, na wombati, na posamu. Sufu ya kondoo pia ilionekana.

Sasa, ndugu, sikilizeni vizuri. Je, sufu hiyo ni ushahidi kwamba shetani aliua kondoo? La. Kinyesi husema nani aliliwa. Hakisemi nani aliua. Kondoo aliyekufa kwa baridi na kondoo aliyeuawa huacha sufu ile ile. Mtaalamu mwaminifu husema lile analolijua, kisha hunyamaza.

Mwaka 1996 ugonjwa mpya ulionekana: uvimbe wa saratani usoni, ambao shetani huambukiza mwenziwe kwa kumwuma. Wengi wamekufa, na mwaka 2008 alitiwa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Mnyama aliyelipiwa fedha ili auawe, sasa hugharimiwa fedha ili aishi. Na anayetaka kumlinda lazima ajue chakula chake.

Basi, ukisikia mtu au mnyama ameshitakiwa, uliza kwanza: ushahidi uko wapi, nao wasema nini hasa? Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA
Hadubini: chombo cha kioo cha kuonea vitu vidogo sana.
Mzoga: mwili wa mnyama aliyekufa.
Sufu: nywele za kondoo.

MASWALI
1. Kwa nini zawadi ya jike ilizidi ya dume?
2. Kinyesi cha shetani chaweza kutuambia nini, na hakiwezi kutuambia nini?
3. Kijijini kwenu, ni mnyama gani hulaumiwa sana? Mmepata ushahidi gani?