Nyuzi za Sikio na Nyundo za Kamukunji

Ukipita Kamukunji utasikia nyundo kabla hujamwona fundi. Masanduku ya shule, karai, majiko, yote hugongwa asubuhi hadi jioni.

Mafundi hawa walichomwa na jua miaka mingi, ndipo wakaitwa jua kali. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea, na baadaye wakajengewa mabanda. Kivuli ni jambo jema. Lakini paa la mabati hurudisha kelele chini, na sikio, tofauti na jicho, halina kope.

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama gamba la konokono. Mwaka 1851 Mwitaliano Alfonso Corti aliichunguza kwa hadubini, akaeleza seli zinazopokea sauti. Juu ya kila seli mna vinyweleo vilivyojengwa kwa protini iitwayo aktini, imebanwa pamoja kama mzigo wa fito. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza waliona uzi mwembamba sana ukiunganisha ncha ya kinyweleo kifupi na jirani yake mrefu. Sauti ikiingia, vinyweleo huinama, uzi huvutika, mlango mdogo hufunguka na habari huenda kwenye ubongo. Kufikia 2007 ilijulikana kwamba uzi huo ni protini mbili zilizoshikana, kadherini-23 na protokadherini-15.

Kelele kali hukata nyuzi hizo. Zikikatika zenyewe tu, huweza kuunganika tena. Huenda hiyo ni sababu moja ya masikio kuziba jioni na kufunguka asubuhi. Fundi hufikiri amepona. Kelele ikirudiwa miaka nenda miaka rudi, seli yenyewe hufa. Mwaka 1988 ilithibitishwa kwamba kuku huotesha seli mpya za kusikia. Wewe na mimi hatuoteshi.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zilimkataza mwajiri kumweka mfanyakazi kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Basi niambie, mwajiri wa fundi wa jua kali ni nani? Mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Kwa hivyo, ndugu fundi, nunua vizibo vya masikio au vile vya kufunika sikio lote. Pamba kavu haitoshi. Na ukianza kusikia sauti ya mtoto bila kushika maneno, au masikio yakilia usiku, fika kliniki uangaliwe, kwanza isije ikawa ni nta tu.