Nidhamiyya ya Baghdad: Siku Maalim Alipogeuka Njiani



Naomba nianze na kisa changu mwenyewe. Madrasa niliyosomea Qur'ani utotoni haipo tena. Haikuungua wala haikubomolewa. Mzee aliyeianzisha alifariki, na kumbe kila kitu kilikuwa kichwani na mfukoni mwake: mishahara ya maustadh, bili ya maji, hata makubaliano ya ile ploti. Hakuna kilichoandikwa. Miezi michache baadaye maustadh walikuwa hawajalipwa, warithi hawaelewani, na jioni moja tukafika na misahafu yetu mikononi tukakuta kufuli mlangoni. Mimi nilikuwa nimefika Surat Yasin.

Nilipoingia chuo kikuu na kuanza kusoma historia, nilikutana na madrasa nyingine ambayo mwanzilishi wake naye aliondoka ghafla, tena kwa kuuawa. Lakini hiyo iliendelea kusomesha kwa zaidi ya miaka 200 baada yake. Nikajiuliza, wenzetu hawa walifanya nini ambacho sisi hatukufanya? Hilo ndilo ninalotaka tuliangalie pamoja.

WAZIRI NA HATI YAKE

Nidhamul-Mulk, jina lake khasa Hasan bin Ali, alizaliwa mwaka 1018 katika nchi ya Tus, Khurasan. Alikuwa waziri wa masultani wawili wa dola ya Saljuqi, Alp Arslan na mwanawe Malik Shah, kwa karibu miaka 30. Alijenga madrasa katika miji kadhaa, ikiwemo Nishapur, Isfahan na Balkh, na zikaitwa Nidhamiyya kwa jina lake. Iliyopata sifa zaidi ni ya Baghdad. Ujenzi wake ulianza mwaka 457 Hijria (1065) na ikafunguliwa mwaka 459 (1067).

Hakuwa mtu wa kwanza kujenga madrasa. Kabla yake zilikuwepo, khasa Nishapur. Alichokifanya yeye ni kupanga. Madrasa ya Baghdad aliiwekea waqfu, mali ambayo haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na mapato yake yakawa ya madrasa. Kisha yakaandikwa masharti. Kuwe na mudarris wa kusomesha fiqhi, mtoa mawaidha, na msimamizi wa maktaba, wote wawe wa madh-hab ya Imam Shafi. Kuwe na mwalimu wa kusomesha Qur'ani na mwalimu wa lugha ya Kiarabu. Na kila mmoja wao awe na fungu lake maalum katika mapato ya waqfu.

Hebu tulisome tena hilo la mwisho. Mwalimu hakungoja mtu apitishe kofia baada ya sala ya Ijumaa. Hakumfuata tajiri nyumbani mwisho wa mwezi akipiga hodi kwa aibu. Haki yake ilikuwa imeandikwa. Wanafunzi nao walikuwa na makazi na posho.

MAALIM HAKUTOKEA

Sasa kuna kisa ambacho wanahistoria wetu wanakisimulia, nami nakipenda kuliko vyote. Mwalimu aliyechaguliwa kuongoza madrasa hii alikuwa Sheikh Abu Is-haq ash-Shirazi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa zama zake. Ndiye mtunzi wa kitabu cha Muhadhdhab, ambacho baadaye Imam Nawawi alikifafanua katika Majmuu yake. Na Imam Nawawi ni yule yule wa Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za pwani yetu. Kwa hivyo huyu si mtu wa mbali nasi.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Wakubwa wa mji wamekaa, wanafunzi wamekaa, anangojwa maalim. Wakangoja na kungoja. Maalim hatokei! Inasimuliwa kwamba alipokuwa njiani alikutana na kijana mmoja, akamuuliza: Ewe Sheikh, utasomesha vipi mahali palipojengwa kwa mali ya watu iliyochukuliwa kwa nguvu? Sheikh akageuka, akaenda zake.

Mbele ya umati ule ikabidi atafutwe mwengine, na akakalishwa Sheikh Ibn as-Sabbagh, naye pia alikuwa mwanachuoni hodari. Habari zilipomfikia waziri hakupendezwa. Wanafunzi wa Abu Is-haq nao wakamwambia wazi kwamba asipokwenda watamwacha wamfuate Ibn as-Sabbagh. Baada ya siku 20 Sheikh akakubali, akasomesha hapo mpaka alipofariki mwaka 1083. Lakini inasimuliwa kwamba wakati wa sala ukifika, alikuwa akitoka nje ya madrasa na kwenda kusali msikiti mwengine.

Wengine watasema Sheikh alishindwa, kwa kuwa mwishowe alirudi. Mimi naona mafunzo mawili. Kwanza, kijana asiyejulikana hata jina aliweza kumuuliza swali mwanachuoni mkubwa kabisa, na mwanachuoni hakumkemea. Pili, swali lenyewe ni la leo. Hapa kwetu ploti ngapi zimejengwa juu ya ardhi yenye kesi, ya yatima, au ya umma? Jengo la dini halisafishi ardhi ya dhuluma. Kabla ya kamati kununua rangi na mazulia, iulize kwanza hati ya ardhi iko wapi na ina jina la nani.

MAFAHALI WAWILI

Si kila kitu kilikwenda sawa. Waziri alijiachia mwenyewe mamlaka ya kuteua na kuondoa walimu, na yeye aghlabu alikuwa mbali, pamoja na sultani. Mwaka 1090 akafika Baghdad mwanachuoni mmoja na barua ya waziri kwamba yeye ndiye mudarris. Haukupita muda akafika mwengine, naye ana barua ya waziri huyo huyo! Suluhisho lililopatikana ni kuwa wasomeshe kwa zamu, leo huyu, kesho yule.

Nani asiyeyajua haya? Mwenyekiti anaajiri, mudir anaajiri, mfadhili naye anamleta jamaa yake. Ustadh hajui anamsikiliza nani, na mtoto ndiye anayepotea katikati.

Mwaka 1091 wote wawili waliondolewa, akateuliwa Imam Abu Hamid al-Ghazali, umri wake ukiwa miaka 30 na kitu tu. Mwenyewe ametueleza kwamba alikuwa na wanafunzi 300 Baghdad. Vijana mnaoambiwa kila siku kwamba bado ni wadogo, chukueni hiyo. Lakini pia tujue alivyomaliza. Mwaka 1095 moyo wake ulimhoji kama anasomesha kwa ajili ya Allah au kwa ajili ya jina. Akawa hawezi hata kutamka somo. Akaacha cheo, nafasi yake akaishika ndugu yake Ahmad, na yeye akaelekea Sham. Cheo kilikuwa kikubwa, na bado aliweza kukiacha. Na madrasa haikufungwa kwa sababu ameondoka.

RAMADHAN YA MWAKA 485

Tarehe 10 Ramadhan mwaka 485 Hijria, yaani Oktoba 1092, Nidhamul-Mulk alikuwa safarini kutoka Isfahan kuelekea Baghdad. Baada ya kufuturu alijiwa na mtu aliyejifanya ana shida, akamchoma kisu. Mwezi mmoja hivi baadaye sultani Malik Shah naye akafariki, na wanawe wakaanza kupigania ufalme.

Hapa ndipo madrasa nyingi zingekufa. Baba mlezi hayupo, serikali imegawanyika. Lakini mwaka 1184, karibu karne nzima baadaye, msafiri Ibn Jubayr kutoka Andalus alifika Baghdad, akaandika kuwa upande wa mashariki wa mji una madrasa kama 30, na mashuhuri zaidi ni Nidhamiyya. Aliona pia kwamba madrasa hizo zina waqfu kubwa za kuwalipa walimu na kuwakimu wanafunzi. Mwaka 1258 Wamongoli waliuvamia mji na kumuua khalifa. Mwaka 1327 Ibn Battuta alipofika, Nidhamiyya bado anaitaja. Leo jengo lake halipo tena, lakini tujiulize, sisi tumejenga nini kitakachodumu hata robo ya hapo?

KASORO YA KUJIFUNGIA

Tusiwapambe wenzetu kupita kiasi. Sharti la kuwa madrasa ni ya madh-hab moja tu lilizaa chuki. Mwaka 1077 mawaidha yaliyotolewa hapo yalichochea fitna baina ya Mashafi na Mahanbali mpaka watu wakauana. Somo hilo lilichukua muda kueleweka. Mwaka 1234 Khalifa al-Mustansir alifungua madrasa yake hapo hapo Baghdad, Mustansiriyya, ikiwa na nafasi za madh-hab zote nne chini ya paa moja. Jengo lake bado lipo kando ya mto Tigris. Na sisi, tunaogombana kila mwaka juu ya mwezi na juu ya rakaa za tarawehe, mpaka msikiti mmoja unazaa madrasa mbili zisizosalimiana, tuna la kujifunza hapo.

TUFANYE NINI?

Mwezi huu sadaka ni nyingi, Alhamdulillahi. Tunafuturisha, tunanunua misahafu, tunapaka rangi. Yote ni kheri. Lakini naomba kila kijana anayesoma makala haya, kabla ya Idd, amwendee mzee wa kamati ya madrasa ya mtaani kwake kwa adabu, kama yule kijana wa Baghdad, amuulize maswali manne. Ardhi ni ya nani, na hati iko wapi? Mshahara wa ustadh unatoka wapi mwezi ambao hakuna mchango? Nani anaajiri na nani anaachisha? Na je, wewe mzee wetu ukiondoka kesho, Allah akupe umri mrefu, nani anajua haya yote?

Ikiwa majibu yapo kichwani tu, chukua kalamu, yaandike, mashahidi watie saini. Kisha tafuteni hata kiduka kimoja au chumba kimoja cha kukodisha, kiwe waqfu wa mishahara. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa sadaka inayoendelea haikatiki kwa kifo cha mtu. Mzee wetu aliyetufungulia madrasa alikuwa na nia hiyo, nami bado namuombea dua. Alichokosa ni karatasi moja, na sisi tuliokuwa tukila halua yake hatukumkumbusha.

Allah atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.